Kaka atanijazia pesa, ila nichukue gari alilochagua yeye

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nimeolewa na tuna watoto wawili. Nimeweka akiba kwa muda mrefu ili ninunue gari dogo la kwangu mwenyewe, la kwenda kazini, kuwafikisha watoto shule na safari ndefu mara mojamoja. Kwa hesabu yangu nitatembea kama kilometa 1,200 kwa mwezi, nyingi zikiwa za mjini kwenye foleni. Gia za mkono naziweza na otomatiki naiweza. Shida yangu ni gari lisilonilaza njiani na lisilomeza kila senti ninayopata.

Nimezunguka hadi nikabakiwa na magari matatu, yote yaliyotumika, yote ya petroli. Ili nisikuchoshe na bei, chukulia la kwanza linauzwa mafungu 10, la pili 13 na la tatu 17. Akiba yangu yote ni mafungu 14.

La kwanza ni Toyota Yaris ya 2008, injini ya lita 1.3, gia za mkono, imetembea kilometa 168,000. Mwenye nayo ni mmoja tangu ikiwa mpya na risiti zake za sevisi zimo kwenye faili. Rangi imefifia na klachi niliiona nzito kidogo. Fundi wetu anasema hiyo haifi.

La pili ni Toyota Aqua ya 2013, ile ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota za umeme, kilometa 124,000. Mume wangu anaitaka hii kwa sababu ya mafuta. Anayeiuza amekaa nayo mwaka mmoja na nusu, na ya kabla yake hayajui. Kila ninayemuuliza ananitisha na betri.

La tatu ni la kampuni moja ya Ulaya, la mwaka 2017, injini ya lita 1.0 yenye turbo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), giaboksi otomatiki ya klachi mbili, kilometa 61,000. Ni zuri, Shangazi, sitakudanganya. Linanukia upya. Mwenye nalo ni rafiki wa kaka yangu.

Sasa hapo ndipo penye mwiba. Kaka amesema atanijazia mafungu 3 yanayopungua, nimlipe nitakapopata, lakini kwa gari hilo tu. Amesema hawezi kutoa pesa yake ikazikwe kwenye mkweche. Kaka huyu ndiye aliyenilipia ada baba alipofariki, na sijawahi kumkatalia jambo. Mume wangu naye anasema gari ni la nyumba hii, kwa hiyo la kaka lisiingie. Nikichukua Aqua, kaka atasema nimetawaliwa. Nikichukua la kaka, mume atanuna. Nikichukua Yaris, wote wawili watacheka, na kusema kweli hata mimi naona haya kidogo nikifikiria kuliegesha kazini.

Nachanganyikiwa. Gari lenye kilometa chache na umri mdogo si ndilo salama zaidi? Au nawaza vibaya?

Kitinda Mimba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza hongera. Mafungu 14 yaliyokusanywa na mtu mwenye watoto wawili na ada za shule si kitu kidogo, na naona ndiyo sababu unaogopa kukosea.

Nikikusikia vizuri, una maswali mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja. Moja ni la chuma: kati ya magari haya matatu, lipi litakutumikia kwa gharama unayoimudu? La pili ni la watu: nani ana haki ya kuchagua, na pesa ya kaka inakuja na nini ndani yake? Nitayafungua moja moja, kwa sababu yakijibiwa kwa pamoja unaweza kujikuta umenunua gari ili kumaliza ugomvi.

Nianze na lile uliloniuliza mwishoni. Kilometa chache na umri mdogo ni dalili njema, lakini hazikwambii gari limeishi vipi. Kilometa 61,000 za safari fupi za dakika kumi, injini ikizimwa kabla haijapata moto sawasawa, huichosha oili kuliko kilometa nyingi za barabara kuu. Mvuke wa maji na petroli isiyoungua hubaki ndani ya oili, na kama mwenye gari alikuwa akisubiri kilometa 20,000 ndipo amwage oili, turbo imekunywa uchafu huo muda wote. Upande wa pili, Yaris yenye kilometa 168,000 na faili la risiti ina kitu ambacho yale mengine mawili hayajakuonyesha bado, yaani ushahidi. Sisemi hiyo ndiyo bora. Nasema unalinganisha gari unalolijua na magari mawili unayoyasikia tu.

Naye fundi wenu nimwulize kwa upole: haifi kwa nani? Gari la umri huo halikosi bushi zilizokatika, shokapu zilizochoka, mauntingi za injini zilizolegea, mipira ya maji iliyokauka. Klachi nzito uliyoisikia inaweza kuwa ni kebo tu au haidroliki, inaweza pia kuwa sahani na kava vimefika mwisho. Pima hivi: barabara ikiwa tambarare, weka gia ya nne kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, kanyaga mafuta hadi chini. Mzunguko wa injini ukipanda ghafla na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Kubadilisha klachi ya gari kama hili ni kazi ya siku moja kwa fundi mzoefu; badilisha sahani, kava na beringi yake kwa pamoja, maana gharama kubwa ni kushusha giaboksi, na hutaki kuishusha mara mbili. Injini yake hutumia cheni ya taimingi, ile inayozungusha vali zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Hilo ni zuri, kwa kuwa hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilometa 100,000 hivi, lakini cheni nayo hurefuka oili ikipuuzwa. Asubuhi injini ikiwa baridi, ukiwasha na kusikia mlio wa minyororo kwa sekunde kadhaa kabla haujatulia, muulize fundi kuhusu cheni na kikazio chake kabla hujauliza kuhusu rangi.

Tukija kwenye Aqua, betri imepewa sifa mbaya kuliko inavyostahili, lakini pia mume wako asiipuuze. Kwanza ondoa hofu moja ya bure. Watu husikia haibridi ya Toyota ina CVT, yaani giaboksi isiyo na hatua za gia, wakadhani ni ile ya mkanda wa chuma na puli inayolalamikiwa kwenye magari mengi madogo. Siyo. Ndani yake kuna mota mbili za umeme na gia za sayari, hakuna mkanda wa kuteleza wala klachi ya kuungua, na ndiyo maana giaboksi hizi hudumu sana. Betri kubwa ni ya aina ya nikeli, volti 144, iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Hapo ndipo mambo huharibika. Vumbi, nywele na makombo ya watoto huziba njia ya hewa, betri inapata joto, seli zinaanza kufa moja baada ya nyingine. Kagua tundu hilo la hewa kwa macho yako, na ukinunua ulisafishe mara kwa mara wala usiliwekee mkoba wa shule mbele yake.

Kuipima betri si uganga. Fundi mwenye skana, mashine ya kusoma kompyuta ya gari, inayosoma mfumo wa haibridi ataona volti za kila kundi la seli. Gari likiwa limesimama huenda zote zikafanana na kukudanganya. Lazima asome mkikanyaga mafuta na mkifunga breki. Kundi moja likiporomoka mbali na wenzake, betri inakwenda. Dalili nyingine unaiona hata bila mashine: alama ya chaji kwenye dashibodi ikipanda na kushuka haraka ndani ya dakika chache, au feni ya nyuma ikivuma kwa nguvu hata hali ya hewa ikiwa ya kawaida. Muulize pia muuzaji kama maji ya kupoza kigeuza umeme, ambayo yana tangi lake tofauti na la injini, yamewahi kubadilishwa. Breki zake hudumu kwa sababu mota ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, ila kwa kutotumika sana pini za kalipa huganda. Mwambie fundi azivue aone.

Swali langu kwa Aqua hii ni moja. Mwenye nayo amekaa nayo mwaka na nusu tu. Kwa nini anaiuza? Huenda jibu ni jema kabisa. Muulize hata hivyo, kisha nyamaza umsikilize.

Lile la 2017 linahitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa ndilo lenye teknolojia nyingi na ndilo linalokula akiba yako yote. Uliza kwanza klachi zake mbili ni kavu au zinazunguka ndani ya oili. Giaboksi hii ina klachi moja ya gia za namba witiri na nyingine ya gia za namba shufwa, na kompyuta ndiyo inayozibana na kuziachia. Klachi kavu huteseka kwenye foleni: gari likitambaa, sahani zinasuguana bila kushika kikamilifu, zinapata joto na kuanza kutetemeka. Na wewe umeniambia kilometa zako nyingi ni za foleni. Zile za ndani ya oili zinavumilia zaidi, lakini zinadai oili yake maalumu na chujio kwa wakati, kwa nyingi ni kila kilometa 60,000 hivi. Kwa kilometa 61,000, sevisi hiyo ama imefanyika au iko mlangoni kwako. Ukiendesha, tambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa dakika tano nzima, simama, ondoka, rudi nyuma kwenye mwinuko. Likishtuka kutoka gia ya pili kwenda ya kwanza, likitetemeka linapoondoka au likasita kabla ya kushika, usikubali kuambiwa ndivyo yalivyo yote.

Kisha uliza kuhusu taimingi. Zipo injini ndogo za turbo ambazo mkanda wa taimingi unazunguka ndani ya oili. Mifano inayojulikana ni Ford EcoBoost ya lita 1.0 ya matoleo ya awali na PureTech ya lita 1.2 iliyowekwa kwenye Peugeot na Citroën. Mkanda huo ukianza kumumunyuka, vipande vyake huziba chujio la pampu ya oili, presha inashuka na injini yote inakuwa hatarini. Sijui la rafiki wa kaka ni la namna gani kwa kuwa hukulitaja, na si kila injini ya Ulaya iko hivyo. Nyingi zina mkanda mkavu au cheni. Andika namba ya injini, kisha fundi anayezifahamu akuambie ni ipi. Kama ni ya mkanda ndani ya oili, risiti za oili zenye aina sahihi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari zina thamani kuliko usafi wa viti.

Gari hilo lina faida ambayo sitaki ufichwe, nayo ni usalama. Ulaya ililazimisha mfumo wa kuzuia gari kuserereka kwenye magari yote mapya kuanzia Novemba 2014, kwa hiyo kama liliuzwa huko litakuwa nao. Yaris ya umbo lile ilipata nyota tano za Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, mwaka 2005, lakini majaribio yamekuwa magumu zaidi tangu hapo, na nyota za mwaka ule haziwekwi kwenye mizani moja na za leo. Kwa mama anayebeba watoto wawili hilo ni jambo la kupimwa. Angalia kwa kila gari ina mifuko mingapi ya hewa, kama mfumo huo wa kuzuia kuserereka upo (mwenzie anaweza kukosa hata kama ni modeli ileile), na kama ndoano za viti vya watoto zipo nyuma. Na hapa nikutahadharishe kuhusu Yaris: Toyota za miaka ile zilikuwa miongoni mwa magari yaliyoitwa kurudishwa kwa ajili ya mifuko ya hewa ya Takata, ambayo kemikali yake ikizeeka kwenye joto na unyevu inaweza kulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Chukua namba ya chesi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji au mpelekee wakala wake, ujue kama mfuko ulibadilishwa. Fanya hivyo kwa yote matatu.

Twende kwenye mafuta, maana mume wako amejenga hoja yake hapo. Kwa matumizi ya mjini tukadirie Yaris lita 6.5 kwa kilometa 100, lile la turbo lita 6 na Aqua lita 4.5. Kwa kilometa zako 1,200 za mwezi, hiyo ni lita 78, lita 72 na lita 54. Kwa hiyo turbo inakuokolea lita 6 tu kwa mwezi ukilinganisha na Yaris, na Aqua inakuokolea lita 24. Zidisha lita 24 kwa bei ya petroli unayonunua, kisha kwa miezi 36, uone kama inafika mafungu 3 ambayo Aqua imezidi Yaris. Foleni ikiwa nzito sana, pengo litakua kwa faida ya Aqua, kwa kuwa injini yake huzimika gari likisimama. Mfanyie mume wako hesabu hiyo mbele yake kwa kalamu. Inawezekana yeye ndiye mwenye haki, na inawezekana mafuta atakayookoa ni kidogo kuliko alivyodhani.

Sasa mafungu 14. Mwanangu, bei ya kununulia ni mlango tu wa kuingilia. Gari lolote lililotumika, hata zuri, wiki ya kwanza linataka oili ya injini na chujio (kwa gari dogo kati ya lita 3 na 4 hivi), chujio la hewa, plagi kama historia yake haijulikani, maji ya breki ambayo hubadilishwa kila miaka miwili, oili ya giaboksi, na mara nyingi tairi. Tazama tairi ubavuni, kuna tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye zaidi ya miaka sita likaguliwe kwa makini hata kama kashata zake ni nene, na likifika kumi liondoke. Bado bima na usajili. Ukichukua Yaris unabaki na mafungu 4 ya kuyakabili hayo yote, pamoja na klachi. Ukichukua Aqua unabaki na fungu 1, na betri ikikugeuka mwaka wa kwanza halitatosha. Ukichukua la 2017 unabaki na sifuri na deni la mafungu 3. Pembe hiyo ya mambo yako inanipa wasiwasi kuliko jina la gari lolote, kwa sababu gari zuri lisilo na pesa ya sevisi huharibika kama jingine.

Haya, watu. Kaka aliyekulipia ada anataka uwe na kitu kizuri, na sidhani ana nia mbaya. Lakini jiulize maswali machache kabla hujamwita mkarimu au mtawala. Deni la "utalipa utakapopata" lina tarehe, au litabaki hewani hadi siku mtakapokosana? Giaboksi ikileta shida mwezi wa nne, utamlalamikia nani: rafiki yake, au yeye? Na utaweza kulalamika kweli, wewe ambaye hujawahi kumkatalia? Unaweza pia kukuta umemdhania vibaya. Huenda ukimwonyesha hesabu atakubali kukusaidia kwa namna nyingine, kwa mfano akulipie ukaguzi wa magari yote matatu kwa fundi asiyemjua muuzaji yeyote. Hapo anabaki kaka anayemlinda mdogo wake bila kushika usukani. Akikataa hata hilo, utakuwa umejifunza kitu kuhusu masharti ya pesa yake.

Ukiamua kuchukua mkopo wake, andikeni hata kwa karatasi ya daftari: kiasi, mwezi wa kuanza kulipa, kiasi cha kila mwezi. Mume wako awepo. Yeye naye muulize swali linalomhusu: anaitaka Aqua kwa sababu ya mafuta, au kwa sababu si la kaka? Yote mawili ni hisia za kibinadamu, ila hesabu ya lita inajibu la kwanza tu.

Kuhusu haya ya kuegesha Yaris yenye rangi iliyofifia, sitakucheka. Gari utaliona kila asubuhi, na kulipenda kunasaidia kulitunza. Ila tenganisha rangi na mwili. Rangi iliyochoka kwa jua inaweza kusuguliwa au kupakwa paneli moja moja baadaye. Kutu chini ya sakafu, kwenye vizingiti vya milango na karibu na viungio vya nyuma ni habari nyingine. Litazamwe likiwa juu ya lifti, siyo kwa kuchungulia umepiga magoti. Na usisahau njia ya nne ambayo hukuitaja: kutochukua lolote kati ya haya. Kuna Honda Fit, Mazda Demio na Suzuki Swift za miaka ya katikati, na hata Yaris nyingine yenye umri mdogo zaidi, na huenda moja ikaangukia mafungu 11 na kukuachia akiba. Hatari yake ni kwamba utaanza kutafuta upya, umechoka, na mtu aliyechoka hununua haraka. Ukiipenda njia hii jiwekee muda, na kama ni CVT ya mkanda, hakikisha oili yake ni ya CVT iliyotajwa na mtengenezaji, maana oili ya otomatiki ya kawaida huiua.

Kabla hujamjibu yeyote, fanya ukaguzi kwa mpango mmoja kwa yote matatu ili yalinganike. Waambie wauzaji wasiwashe gari kabla hujafika, kisha weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, omba kurudi siku nyingine. Toa kijiti cha oili, fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna ute wa rangi ya maziwa, tazama tangi la maji wakati injini ni baridi (ya moto usiifungue kamwe, yatakuunguza). Washa, mtu asimame nyuma ya ekzosi: moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani, na hapo fikiria gasketi ya silinda hedi. Kata usukani hadi mwisho uzunguke polepole pande zote mbili; mlio wa ta-ta-ta ni jointi ya ekseli. Endesha nusu saa, siyo kuzunguka mtaa.

Mwisho wa safari ndipo skana iunganishwe. Usitazame makosa yaliyopo tu. Mwambie fundi aangalie kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakiwa hayajakamilika wakati gari linatumika kila siku, huenda mtu amefuta makosa jana yake au betri ilitolewa karibuni. Muulize muuzaji lipi kati ya hayo mawili, uendeshe siku chache kama atakubali, kisha msome tena. Atakayekataa ukaguzi wa fundi wako, hata akiwa rafiki wa kaka, mwambie kaka mwenyewe amuulize sababu.